Siku moja Berlin na begi mgongoni: maswali mnayouliza kila mara

Haya maswali yanakuja kila wiki, mengi kutoka kwa watu wanaopita Berlin siku moja tu, mwingine ana kozi Leipzig, mwingine anamtembelea dada yake Hamburg akaona achomoke kidogo aje kuona mji. Nimejibu kwa mtu anayetembea kwa miguu, ana begi la mgongoni na hela yake ni ya kuhesabu. Kama wewe ni wa teksi na hoteli ya nyota tano baadhi ya majibu hayatakufaa, ila la mjusi wa Tendaguru, yule dinosaria aliyetoka Lindi, soma hata wewe.

Siku moja inatosha kweli?

Kuimaliza Berlin haitoshi, hata mwezi hautoshi. Mji ni mkubwa halafu hauna katikati moja, ulikaa umekatwa na ukuta pande mbili, Mashariki na Magharibi, kuanzia 1961 mpaka 1989 ndo maana vitu vingi unavikuta viwili viwili, bustani za wanyama mbili, kila upande na lake. Kwahiyo usijaribu kuzunguka kote, utaishia kuona madirisha ya treni tu. Chagua njia moja uifuate. Mimi njia ninayowapa watu inafuata ukuta, na humo humo inapita sehemu ambazo historia yetu ya Afrika Mashariki ipo pale Berlin na wengi wetu tunapita bila kujua. Bahati nzuri sehemu hizi ziko karibu karibu, unaunganisha kwa miguu na treni chache.

Natua uwanja wa BER, naingiaje mjini bila kupigwa bei?

Treni. Stesheni iko chini kabisa ya Terminal 1, unashuka tu. Panda FEX, ile treni ya haraka ya uwanja wa ndege, au treni yoyote ya mkoa iliyoandikwa RE inayokwenda Hauptbahnhof, stesheni kuu, ni kama nusu saa hivi. Kitu cha kuangalia ni kwamba uwanja uko kanda C, ya nje ya mji, kwahiyo tiketi lazima iwe ya ABC. Ukinunua AB halafu mkaguzi akakukuta, hiyo ni sawasawa na kutokuwa na tiketi.

Tiketi gani ninunue kwa siku nzima?

Ile ya saa 24. Ya kanda AB ni zaidi kidogo ya euro 10, na inabeba kila kitu: treni za chini ya ardhi (U-Bahn), treni za S-Bahn, mabasi, tramu. Ukipiga hesabu ya safari nne tu tayari imejilipa. Kama unatoka uwanja wa ndege siku hiyo hiyo basi chukua ya ABC moja kwa moja.

Sasa sikiliza hapa maana wengi ndo wanapoumia: Berlin hakuna mageti ya kuzuia watu, unaingia tu kwenye treni kama kwako, halafu ukinunua tiketi ya karatasi kwenye mashine bado haijaanza kazi mpaka uigonge muhuri kwenye kile kiboksi kidogo kinachosimama pale pale jukwaani. Wakaguzi wanavaa nguo za kawaida kabisa, kijana mwenye jinzi na kofia anasimama ghafla anatoa kitambulisho. Faini euro 60, na "mimi mgeni sikujua" wanaisikia kutwa nzima.

Begi langu kubwa naliweka wapi?

Kama umelala hosteli waachie, karibu zote zinakubali kukutunzia hata baada ya kutoka chumbani. Kama unapita tu kuna makabati ya kufunga mizigo Hauptbahnhof, unalipa kwa masaa. Usizunguke na begi kubwa, Reichstag, yaani bungeni, utasachiwa kama uwanja wa ndege na makumbusho mengi hawakuruhusu kuingia nalo ndani.

Asubuhi nianzie wapi?

Reichstag, jengo la bunge, na uende mapema. Kupanda kwenye lile kuba la kioo juu ni bure kabisa, ila lazima ujiandikishe mtandaoni siku kadhaa kabla, unajaza jina na tarehe ya kuzaliwa, ukifika unaonyesha pasi. Wanafungua saa mbili asubuhi. Jengo lenyewe ni la 1894, kuba lilichorwa na Norman Foster likakamilika 1999, na ukiwa unapanda ile njia inayozunguka ukitazama chini unaona ukumbi wa wabunge, yaani wananchi wako juu na wabunge wako chini yao, na ilikusudiwa hivyo hivyo. Naipenda sana hiyo. Kutoka juu pale unaona mji wote bila kulipa, ndo maana huwa nawaambia watu waachane na mnara wa televisheni wa Alexanderplatz, ni mrefu kweli, mita 368, ila kiingilio chake kinakula hela ya msosi wa siku nzima.

Ukishuka, tembea dakika chache tu uko Brandenburger Tor. Hilo geti lilijengwa kati ya 1788 na 1791, na zile farasi nne za juu Napoleon alizibeba 1806 akazipeleka Paris, zikarudishwa 1814. Enzi za ukuta geti lilibaki ndani ya eneo lililofungwa, hakuna mtu wa kawaida aliyepita. Piga picha yako uendelee.

Hapo hapo kusini kuna kumbukumbu ya Wayahudi wa Ulaya waliouawa, nguzo za zege 2,711 za urefu tofauti, ardhi yenyewe inapanda na kushuka. Ingia katikati yake taratibu, utaona sauti za mji zinapungua na waliokuwa mbele yako wanapotea. Usipande juu ya zile nguzo na usipige picha za kuruka ruka, ni sehemu ya maombolezo ile. Chini yake kuna chumba cha maonyesho, nacho bure.

Ni kweli Berlin ndo walipogawana Afrika? Naweza kupaona?

Mahali unapaona, jengo halipo tena. Ni Wilhelmstraße, kutoka kwenye zile nguzo unatembea dakika chache tu. Kwenye makazi ya Bismarck, chansela wa Ujerumani, mtaa huo ndo mkutano ulifanyika, kuanzia tarehe 15 Novemba 1884 mpaka 26 Februari 1885, mataifa 14 mezani na hakuna Mwafrika hata mmoja. Siku hizi kuna bango la maelezo tu barabarani, magorofa ya kuishi watu pembeni, watu wanapita na mifuko yao ya sokoni.

Ila nirekebishe kitu kimoja kinachosemwa sana, kwamba walikaa na rula wakachora mipaka yote pale. Mipaka mingi ilichorwa baadaye kwa mikataba ya wawili wawili. Pale walikubaliana zaidi kanuni, nani atambulike kuwa ameshika eneo, biashara ya Kongo iendeje, mito ya Kongo na Niger itumiwe vipi. Lakini kwa sisi wa Tanzania tarehe ya kukumbuka ni siku moja baada ya mkutano kufungwa, tarehe 27 Februari 1885, Kaiser, mfalme wa Ujerumani, akaweka saini barua ya ulinzi kwa kampuni ya Carl Peters, kwa zile karatasi alizozikusanya kwa machifu wa Usagara, Nguru, Uzigua na Ukami. Mkoloni wa Kijerumani alianzia kwenye karatasi hizo. Kwahiyo ukisimama pale usipite haraka, soma lile bango lote.

Checkpoint Charlie je?

Pita ukitaka, palikuwa kituo cha kuvukia kati ya Mashariki na Magharibi, ila kile kibanda cha sasa ni cha kuigiza, pamezungukwa na maduka ya zawadi. Kama unataka habari nzito ya eneo lile nenda Topographie des Terrors, dakika kama kumi kwa miguu, palikuwa makao makuu ya Gestapo na SS, polisi wa siri na kikosi cha Wanazi, kiingilio bure na nje yake kuna kipande cha ukuta halisi mita 200 hivi kimesimama kimechakaa hivyo hivyo.

Huyo mjusi wa Tendaguru yuko wapi, na inafaa kulipa kiingilio?

Hiki ndo kitu pekee cha kulipia ambacho nakisisitiza kwa kila Mswahili anayepita Berlin. Panda U6 kutoka Unter den Linden, ushuke kituo cha Naturkundemuseum, vituo vitatu tu, yuko kwenye makumbusho ya viumbe na mazingira yenye jina hilo hilo. Kiingilio ni zaidi kidogo ya euro 10, wanafunzi wanapunguziwa kwahiyo beba kitambulisho.

Ukiingia tu ukumbi wa kwanza unamkuta amesimama, urefu kwenda juu mita 13.27, kichwa kinakaribia dari ya kioo. Ndiye mifupa ya dinosaria mrefu kuliko yote iliyosimamishwa duniani, kitaalamu anaitwa Giraffatitan brancai, aliishi miaka milioni 150 hivi iliyopita, na ametoka Lindi, kilima cha Tendaguru. Kati ya 1909 na 1913 wataalamu kutoka makumbusho hiyo wakiongozwa na Werner Janensch na Edwin Hennig walichimba pale, ila waliochimba hasa kwa mikono ni watu wetu, mamia ya vibarua, na waliobeba ni wapagazi, mabegani na vichwani, mwendo wa siku nne mpaka bandari ya Lindi. Tani zaidi ya 200 za mifupa zikapanda meli.

Na fikiria miaka yenyewe. Vita vya Maji Maji ni 1905 mpaka 1907, Wajerumani walichoma mashamba na maghala, njaa iliyofuata ndo iliua wengi kuliko risasi. Yaani waliokuwa wanabeba hiyo mifupa ni watu ambao ndo kwanza wametoka kuzika ndugu zao, nchi yao imechukuliwa, na wanalipwa senti kuhamisha kilichokuwa ardhini kwao. Mimi nikisimama mbele ya yule mjusi namwona kwa furaha, ni mkubwa na ni mzuri kupita maelezo, na hapo hapo nafikiria zile shingo zilizombeba.

Msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, mtu aliyejua kuutambua mfupa na kuutoa bila kuuvunja. Mwaka 2007 dinosaria mwingine wa Tendaguru alipewa jina Australodocus bohetii kwa heshima yake. Lishike hilo jina kabla hujaingia. Mjadala wa mifupa irudi nyumbani au ibaki upo miaka mingi, hata bungeni kwetu umefika, na nadhani ni haki ya kila Mtanzania kumwona kwa macho kabla ya kutoa maoni yake. Kaa humo saa moja na nusu, usikimbie.

Ukuta wenyewe wa kweli niuone wapi?

Bernauer Straße. Ukitoka makumbusho fuata Invalidenstraße kwa miguu kuelekea Nordbahnhof, kama robo saa hivi, na kumbukumbu inaanzia hapo. Bure, na sehemu kubwa iko nje barabarani kwahiyo hata ukichelewa unaona.

Kilichotokea mtaa huu kinatosha kukueleza habari yote. Nyumba za upande mmoja zilikuwa Mashariki, lakini njia ya miguu mbele ya milango yao ilikuwa Magharibi. Ukuta ulipoanza usiku wa kuamkia 13 Agosti 1961 watu wakawa wanatoka kupitia madirishani, milango ikapigiliwa, wakahamia madirisha ya juu, kikosi cha zimamoto cha Magharibi kinasimama chini na mashuka ya kuwadakia. Ida Siekmann aliruka kutoka ghorofani tarehe 22 Agosti, akafa, ndiye wa kwanza kwenye orodha. Waliokufa kwenye ukuta ule wanafika angalau 140. Na mwaka 1964 watu 57 walitoka kwa njia ya handaki lililopita chini ya mtaa huo huo, utaona alama zake ardhini. Kuna kanisa pia lililobaki katikati ya eneo la kufa, serikali ya Mashariki ikalilipua 1985, sasa hivi pale pamejengwa kanisa dogo la udongo, ingia ukae dakika tano.

Panda kile kijimnara upande wa pili wa barabara, ukiwa juu utaelewa kwamba haukuwa ukuta mmoja, ni kuta mbili na kati yao mchanga, taa, walinzi.

Nimesikia kuna jiwe la Mtu wa Dar es Salaam mtaani, ni kweli?

Kweli kabisa na liko njiani. Kutoka Bernauer Straße shuka na Brunnenstraße kuelekea Rosenthaler Platz, angalia chini mbele ya namba 193. Ni kijiwe cha shaba cha sentimita kumi kwa kumi, vinaitwa Stolperstein, vimewekwa mbele ya nyumba walizoishi watu walioteswa na Wanazi, na msanii aliyeanzisha ni Gunter Demnig.

Hicho ni cha Mahjub bin Adam Mohamed, aliyejulikana Ujerumani kama Bayume Mohamed Husen. Kazaliwa Dar es Salaam 1904, akiwa mtoto tu akaingia jeshi la askari wa Kijerumani pamoja na baba yake vita vya kwanza vya dunia. Mwaka 1929 akaenda Berlin kudai mishahara ya askari ambayo haikulipwa, wakamkatalia. Akabaki, akafanya kazi ya kuhudumia wageni kwenye Haus Vaterland, jumba la starehe pale Potsdamer Platz, akafundisha Kiswahili chuo kikuu, akacheza nafasi ndogo ndogo kwenye filamu. Mwaka 1941 wakamkamata kwa kosa la kuwa na uhusiano na mwanamke mzungu, wakampeleka kambi ya Sachsenhausen, akafia huko tarehe 24 Novemba 1944.

Watu wa Berlin wanavisafisha hivyo vijiwe kwa kitambaa. Ukiwa na maji na tishu kifute, soma jina lake kwa sauti.

Nile nini na bei gani?

Döner. Vibanda viko kila kona, ni mkate mzito umejaa nyama, kabichi na mchuzi, utalipa euro 7 hivi na utashiba mpaka usiku. Wanaokula halali wana nafuu sana Berlin kwasababu maduka mengi ni ya Waturuki na Waarabu, uliza tu. Currywurst ambayo ndo wanajisifia, iliyoanzishwa na mama mmoja Herta Heuwer mwaka 1949, kawaida yake ni kitimoto, kwahiyo ujue kabla hujaagiza. Falafel nzuri na za bei poa ziko Sonnenallee, mtaa wa Neukölln. Beba hela taslimu maana vibanda vingine hawataki kadi kabisa.

Maji na choo?

Maji ya bomba ni safi, jaza chupa yako hosteli. Choo kinalipiwa, senti 50 mpaka euro 1, kwahiyo tunza chenji, na ukiingia makumbusho tumia cha humo kabla hujatoka. Halafu chupa za plastiki na makopo ya soda usitupe, kila kimoja kina senti 25 ndani yake, unarudisha kwenye mashine supamaketi. Kama huna muda iweke wima pembeni ya pipa la taka, kuna watu wanaishi kwa kuzikusanya.

Jioni niende wapi?

East Side Gallery. Panda U8 Rosenthaler Platz mpaka Alexanderplatz, badilisha S-Bahn vituo viwili mpaka Ostbahnhof. Ukuta wa kilomita 1.3 umechorwa na wasanii wa nchi nyingi mwaka 1990, unatembea kando yake mpaka daraja la matofali mekundu la Oberbaumbrücke. Vuka daraja, ng'ambo ya pili kuna ufukwe wa mto unaitwa May-Ayim-Ufer, jina la mshairi mwenye baba Mghana. Mpaka 2010 mahali hapo paliitwa kwa jina la von der Gröben, mtu aliyejenga ngome ya biashara ya watumwa Ghana.

Kama bado una nguvu na ni kiangazi, jua linazama saa tatu na nusu usiku mwezi wa sita, kwahiyo unaweza kabisa kupanda U6 mpaka kituo cha Afrikanische Straße, Wedding. Kuna mitaa inaitwa Sansibarstraße, Usambarastraße, Ugandastraße, na ile iliyokuwa Petersallee tangu Agosti 2024 imegawanywa, upande mmoja Maji-Maji-Allee na mwingine Anna-Mungunda-Allee, jina la mwanamke wa Namibia aliyepinga ubaguzi. Piga picha ya kibao mtumie mzee wako nyumbani. Desemba usijaribu, kabla ya saa kumi na nusu jioni giza limeingia.

Usalama upoje, hasa kwa mwanamke peke yake au kwa mtu mweusi?

Kwa wizi wa mifukoni kuwa makini Alexanderplatz na Warschauer Straße, begi dogo livae mbele kwenye treni. Wanaokuja na karatasi za kusaini wapite, na ule mchezo wa kutafuta kijimpira chini ya vikopo vitatu ni ndugu wa karata tatu ya Kariakoo, waliosimama pale wote ni timu moja.

Madada wengi wanatembea peke yao mpaka usiku bila shida, treni za wikiendi zinatembea usiku kucha. Kuhusu rangi nisikufiche, macho ya kukukodolea yapo na polisi wanaweza kukuomba karatasi stesheni kabla ya kumuomba jirani yako. Beba pasi yako halisi, jibu kwa utulivu, una haki ya kuuliza sababu. Na pia usitembee kwenye njia ya baiskeli, hiyo ndo itakupatia matusi ya haraka kuliko yote.

Siku gani ya wiki ni nzuri?

Jumanne mpaka Ijumaa. Jumatatu makumbusho ya mjusi yamefungwa. Jumapili maduka karibu yote yamefungwa, supamaketi za kukuokoa ni zile za ndani ya stesheni kubwa na foleni yake ni ndefu, ila kama unapenda mitumba Jumapili kuna soko Mauerpark, hapo hapo jirani na Bernauer Straße, kwahiyo ukija siku hiyo anza na Reichstag asubuhi kama kawaida halafu upitie sokoni ukitoka kwenye ukuta.